Skana ya Kidijitali Makina: Historia Kidogo Kabla Hujatoa Pesa

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi (kuna mradi wa mteja ambao hauishi, na mnawajua wateja), lakini leo nimerudi na swali ambalo nimeulizwa na watu watatu mwezi huu: "Nataka kuanza kusikiliza mawimbi kama burudani. Ninunue skana gani ya kidijitali?"

Jibu fupi: usinunue bado. Jibu refu ni historia, na ndiyo nitakayowapa leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua kwanza nikasoma baadaye, na pesa hazikurudi.

Kwa asiyejua, skana ni redio inayopita kwenye masafa mengi moja baada ya jingine, haraka sana, na kusimama pale inapokuta mtu anaongea. Redio ya kawaida wewe ndiwe unayezungusha kitufe. Skana inazunguka yenyewe.

Kisa changu ni hiki. Miaka mitatu iliyopita niliweka akiba kwa miezi mitano nikaagiza skana ya kidijitali ya mtumba kutoka Marekani. Pamoja na usafiri ilinigharimu shilingi 52,000. Ilipofika nilipanda nayo juu ya nyumba yetu hapa Makina, si mbali na msikiti, nikaiwasha. Kitu cha kwanza ilichoniuliza ni namba ya posta, ili ijipakie masafa ya mahali nilipo. Nikaandika 00100. Ikakataa! Haikuwahi kusikia mahali panapoitwa Nairobi. Nikaiweka itafute yenyewe. Saa nzima nikasikia mlio mfupi hapa, mkwaruzo pale, basi.

Mjomba wangu akapanda juu kuona ninafanya nini. Alikuwa na redio yake ndogo aliyoinunua Toi Market kwa shilingi 800, zile zenye mitabendi mingi, FM, MW, SW na moja iliyoandikwa AIR. Akavuta antena, akasukuma swichi kwenye AIR, akazungusha kidogo. Haikupita dakika moja, rubani akaomba ruhusa ya kutua Wilson. Ndege ikatupita juu ya bati.

"Wewe umenunua masikio ya Mmarekani," akaniambia. "Na hapa hakuna Mmarekani anayeongea."

Nilikasirika, lakini ndiyo ilikuwa sababu ya kuanza kusoma. Nilichokuja kuelewa ni kwamba msikilizaji hachagui redio peke yake. Kila wakati, anayerusha mawimbi ndiye anayeamua mapema ni redio gani itakayofaa na ni ipi itakayobaki bubu. Tukipitia miaka mia hivi ya kusikiliza hapa kwetu mtaona ninachosema.

Redio isiyotuhusu

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920. Uliwalenga walowezi wa Kizungu waliotaka habari za kwao Uingereza. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi 1959 huduma hiyo iliendeshwa na kampuni ya Cable and Wireless. Mwafrika hakuwa kwenye hesabu, na hata angekuwa na redio, angeielewa?

Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Pili vya Dunia. Maelfu ya askari wa King's African Rifles walipelekwa Ethiopia, Madagascar hadi Burma, na serikali ikaona haja ya kuzipa familia zao habari za vita. Ndipo vipindi vya lugha za Kiafrika vikaanza.

Hapa Makina habari hiyo si ya kitabuni tu. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari. Wanubi waliotoka upande wa Sudan na kutumikia jeshi la Mwingereza ndio waliopewa kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina Kibra lenyewe kwa Kinubi ni msitu. Kwa hiyo redio ilipoanza kuongea lugha za watu, ilianza kwa sababu ya askari na jamaa zao. Haikuwa kwa sababu ya kutupenda, ilikuwa kwa sababu ya vita.

Transista na masafa mafupi

Redio za zamani za valvu zilitaka umeme au betri kubwa kama ya gari. Transista ilipofika kwenye redio, kuanzia miaka ya 1950, mtu akaweza kubeba redio kwapani na kuilisha mawe ya betri ya dukani. Sasa likaja swali la kuchagua, na swali lilikuwa: ina SW?

Masafa mafupi yana tabia ya kugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana mtu wa Nairobi aliweza kusikiliza kituo kilicho bara jingine bila waya wala setilaiti. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari hapa Kenya, Cairo ilianza kurusha matangazo ya Kiswahili ya kupinga ukoloni. Juni 1957 BBC nayo ikaanza Idhaa ya Kiswahili. Mwaka 1963 Deutsche Welle ikafuata. Kwa ghafla, lugha yetu ikawa inagombewa angani na watu ambao hawajawahi kufika hapa.

Aliyekuwa na redio ya MW peke yake alisikia serikali. Aliyekuwa na SW alisikia serikali na wengine pia, kisha akaamua mwenyewe. Kumbukeni tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali. Walikimbilia Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imeangushwa. Saa chache baadaye kituo kile kile kikasema serikali ipo. Masafa yale yale, redio ile ile, habari mbili zinazopingana siku moja! Ukiwa na kituo kimoja tu, hapo unafanyaje?

Skana inazaliwa Marekani

Wakati sisi tukitafuta SW, Wamarekani walikuwa na hamu nyingine. Polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa huko waliongea kwenye FM ya kawaida ya VHF na UHF, na raia walipenda kuwasikiliza. Skana za mwanzo zilitumia vipande vya kristali, kipande kimoja kwa kila chaneli. Ukitaka kusikia chaneli nane unanunua kristali nane. Miaka ya 1970 kompyuta ndogo za ndani zikaondoa kristali, ukawa unabonyeza namba za masafa tu.

Halafu yakaja mambo mawili. La kwanza ni mfumo wa kugawana chaneli. Badala ya kila idara kuwa na chaneli yake, chaneli zote zinawekwa kwenye chungu kimoja, na kompyuta inampa anayetaka kuongea ile iliyo wazi. Kwa waandishi wa programu wenzangu: ni kama miunganisho michache ya hifadhidata inayogawanwa na watumiaji wengi. Skana ya kawaida hapo inapotea, kwa sababu mazungumzo yanaruka kutoka chaneli hadi chaneli. Ikabidi zitengenezwe skana zinazofuata kompyuta ile.

La pili ni udijitali wenyewe. Mwaka 1989 Wamarekani walianzisha Project 25, maarufu kama P25, kanuni ya redio za kidijitali za usalama. Ulaya ikatoa TETRA mwaka 1995, kisha DMR mwaka 2005. Katika zote tatu sauti inageuzwa kuwa biti, inabanwa, inarushwa. Kwenye redio ya zamani inasikika kama nyuki kwenye chupa. Lakini hizi tatu hazisikilizani! Skana ya P25 haifungui TETRA, kama vile programu ya Windows isivyofunguka kwenye simu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 skana za kwanza zenye uwezo wa P25 zikaingia madukani. Zikaendelea kuboreshwa, hadi Uniden SDS100 ya mwaka 2018 ambayo ilipotoka iliuzwa takribani dola 700. Ni mashine nzuri kweli. Ila itazameni vizuri: imejengwa kwa ajili ya P25, kwa orodha za masafa za Marekani na Kanada, kwa minara ya huko. TETRA haimo kabisa. Kuinunua Nairobi ni kama kununua kadi ya treni ya London uipandie matatu ya Kibera.

Januari 2008

Sasa turudi nyumbani. Uchaguzi wa Desemba 2007 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kwetu mlango ulifungwa, taa zikazimwa, na watu wazima wakakaa kimya kuzunguka redio. Kibera ilikuwa na kituo chake kipya, Pamoja FM, kilichoanza mwaka huo wa 2007 kwenye 99.9. Mawimbi yake hayafiki mbali, lakini wakati ule mbali hatukukuhitaji. Tulitaka kujua kama barabara iliyo nyuma ya nyumba inapitika. Kituo kile kiliwasihi vijana watulie, kwa sauti za watu tunaowajua.

Kitu kingine ninachokumbuka ni sauti ya woki-toki za polisi waliokuwa wakipita nje ya ukuta usiku. Ilikuwa FM ya kawaida, mkwaruzo halafu maneno machache halafu mkwaruzo. Sikuelewa walichosema. Lakini mama alikuwa akijua kwa sauti ile kama wanakaribia au wanakwenda. Hata hicho kilikuwa kituo cha habari!

Mwezi huo huo waandishi wa programu wa Kenya, wakiwemo Juliana Rotich na David Kobia, pamoja na Ory Okolloh na Erik Hersman, walitengeneza Ushahidi, ramani iliyopokea taarifa za ghasia kwa ujumbe wa simu na mtandao. Nikiwa chuoni nilipoisoma kodi ya Ushahidi nilikumbuka redio ile gizani. Tatizo ni lile lile: njia moja ya habari ikifungwa, unapata wapi nyingine?

Mlango unafungwa

Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate na kuua watu 67. Ilikuja kuelezwa kwamba kikosi cha polisi na jeshi walioingia humo hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, na kamanda mmoja wa polisi aliuawa kwa risasi za upande wake. Hilo si jambo la mzaha. Watu wanakufa redio zisiposikilizana.

Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom kandarasi ya takribani shilingi bilioni 14.9 kujenga mtandao wa mawasiliano na kamera kwa ajili ya polisi wa Nairobi na Mombasa. Kamera zilitajwa kuwa 1,800. Mtandao huo ni wa 4G. Yaani Nairobi haikupita njia ya Marekani, kutoka FM kwenda P25 inayosikika. Iliruka moja kwa moja hadi kwenye teknolojia ya simu, ambayo imefungwa kwa ufunguo tangu mwanzo. Hakuna skana ya dukani, iwe ya dola 70 au 700, itakayokusikilizisha hayo. Mwenye kukuuzia skana akisema "hii inanasa polisi wote", mkimbie.

Mimi nina maoni mawili kuhusu hili na yote nayashika. Kwanza, operesheni ya uokoaji haipaswi kusikilizwa na anayerusha risasi. Pili, mtaa kama wetu umepoteza kitu. Zamani mkubwa alipoongea hewani, mdogo angeweza angalau kusikia mkwaruzo.

Na wanaodhani kufunga ni sawa na usalama, wakumbuke Julai 2023. Watafiti wa Midnight Blue ya Uholanzi walitangaza kwamba TEA1, mojawapo ya njia za kufunga TETRA, ilikuwa na ufunguo wa biti 80 ambao ndani kwa ndani ulipunguzwa hadi biti 32. Wenzangu mnaoandika kodi mnajua biti 32 ni nini. Kompyuta ya kawaida inaumaliza. Kanuni ile ilifichwa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuikagua kwa uhuru.

Kijiti cha televisheni

Mwaka 2012 lilitokea jambo la bahati. Kulikuwa na vijiti vya USB vya kutazamia televisheni ya DVB-T kwenye kompyuta, vyenye chipu ya Realtek RTL2832U, kwa bei ya chakula cha mchana mjini. Wadukuzi, wakiwemo Antti Palosaari na watu wa mradi wa Osmocom, waligundua kwamba chipu ile inaweza kutoa mawimbi ghafi badala ya picha. Kumbe kijiti cha televisheni ni redio ya karibu kila kitu, kutoka kama 24 MHz hadi 1,700 na zaidi, mradi programu ya kompyuta ifanye kazi ya kufasiri.

Kwetu kijiti hicho kina kichekesho chake. Kenya ilichagua DVB-T2 kwa televisheni, na chipu ile inajua DVB-T peke yake. Kwa kazi iliyotengenezewa, hapa Nairobi haifai. Kwa kazi ambayo haikutengenezewa, ni lulu.

Salvatore Sanfilippo, yule yule aliyeandika Redis, aliandika programu ndogo ya C iitwayo dump1090 inayosoma matangazo ya ndege kwenye 1090 MHz: namba ya ndege, urefu wake angani, mahali ilipo. Niliiweka kwenye kompyuta kuukuu, na jioni hiyo hiyo nikaona ndege za Wilson na za JKIA zikitembea kwenye ramani. Skana ya 52,000 ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda.

Basi, uchague nini?

Anza na swali la mjomba: nani anaongea hapa, na kwa lugha gani ya mawimbi?

Ukikaa Makina, Kawangware au popote jirani, zawadi yako ni Wilson. Uwanja ule ulianza miaka ya 1930, na mwaka 1962 ukapewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Marubani bado wanaongea kwa AM kati ya 118 na 137 MHz, bila udijitali na bila kufungwa. Si kwamba wamechelewa. Kwenye FM mwenye nguvu humzima kabisa aliye dhaifu. Kwenye AM wawili wakiongea pamoja unasikia mluzi, unajua kuna mwingine. Huko Tenerife mwaka 1977 mluzi kama huo ulifunika maneno muhimu, ndege mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Kwa hiyo AM haikuondoa hatari, lakini angani kila mtu kusikia kila mtu bado ni sehemu ya usalama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni redio ya mitumba yenye AIR, shilingi mia kadhaa. Hatua ya pili ni kijiti cha RTL-SDR na kompyuta uliyo nayo. Antena ya waya wima wa sentimita 60 inatosha kwa marubani, na wa sentimita 7 hivi kwa 1090 MHz. Itoe nje, kwa sababu ndani ya nyumba ya mabati ni kama kusikiliza ukiwa ndani ya sufuria. FM za Nairobi zina nguvu kubwa, zikikuziba sikio tafuta kichujio cha 88 hadi 108. Hatua ya tatu, ukinogewa, ni leseni ya redio za ridhaa, ambapo utaongea na si kusikia tu. Alama za Kenya huanza na 5Z4.

Skana ghali ya kidijitali ni hatua ya mwisho, na ni baada ya kuona kwenye skrini ya kijiti kwamba kuna mawimbi wazi ya DMR unayoyahitaji kweli. Na si kila kilicho wazi ni chako. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano ya watu. Mlinzi wa geti anayeongea na mwenzake si kipindi cha redio. Ukiwa na shaka, waulize Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kununua.

Nimalizie na hili. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka hiyo iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya televisheni ikazimwa. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo siku ile ile. Katikati ya saa hizo nilimkuta mjomba amekaa mlangoni na redio yake ya shilingi 800, akipita MW, SW, FM, polepole, kama walivyofanya wazee 1982 na kama tulivyofanya 2008. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Yeyote anayeongea," akasema.

Hiyo ndiyo skana ya kwanza. Nunueni ya pili mkishajifunza kuitumia hiyo. Skana yangu ya 52,000 bado iko chini ya kitanda, anayekwenda Chicago aniambie.